Chalii mwenye kilo 120, usikimbilie kulinda geti: namna ya kuwa mtu wa laini NFL ukianzia Chuga

Ukiwa na mwili mkubwa hapa Arusha watu wanakupangia kazi kabla hujafungua mdomo. Ukiwa mrefu utaambiwa ukacheze basketi kama Hasheem Thabeet, ukiwa na mabega mapana utaambiwa ukawe bausa, na ukiwa vyote viwili, mrefu afu mnene, shangazi anakutafutia mtu anayejuana na mtu wa kampuni ya utalii ukabebe mizigo mlimani. Sio kazi mbaya hizo, wapagazi nawaheshimu sana, ila hakuna anayekwambia kuna nchi wanamlipa mtu wa umbo lako dola 840,000 kwa msimu (hiyo ni ya 2025, na ndo kima cha chini cha mchezaji wa mwaka wa kwanza kwenye ligi, sio hela ya staa) kwa kazi ya kusukuma mtu mwenzake mwenye kilo 140 mpaka amwachie njia.

Naongelea futiboli ya Kimarekani, ligi ya NFL, na hasa wale wa mbele upande wa ulinzi, difensivu laini, mi nawaita watu wa laini tu. Mimi nimecheza ragbi hapa Arusha miaka kadhaa nikiwa propu mpaka goti likaniaga, saivi Jumamosi asubuhi nina machalii sita nawafundisha, na Jumapili usiku naangalia NFL, mechi za kwanza zinaanza saa mbili usiku kwetu, Novemba Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma inakua saa tatu, na ile mechi ya mwisho inaanza saa tisa alfajiri, mke wangu alishaacha kuuliza. NFL sijacheza. Ila nimefuatilia njia za Waafrika waliofika kule mmoja mmoja na nimegundua nafasi hii ndo mtu anaweza kujifunza akiwa ameshakua mkubwa, ukotabeki hapana, ule wanaanza wakiwa na miaka saba.

Kazi yenyewe sasa, maana wengi wanaona watu wamegongana tu kama vifodi vya Sakina. Timu yenye mpira ina nafasi nne za kusogea yadi 10, kama mita tisa hivi, wakifanikiwa wanapewa nafasi nne zingine. Mbele yao wana majitu matano yanayomlinda kotabeki, huyo ndo anarusha mpira na kuamua kila kitu. We na wenzako watatu, wakati mwingine wawili, mnakaa uso kwa uso na hayo majitu. Mpira ukitoka una kazi mbili na hujui ni ipi mpaka uone: kama wanakimbia na mpira unaziba njia, kama wanarusha unaenda kumwangusha kotabeki kabla hajaachia. Kumwangusha hivo ndo saki. Ligi ilianza kuzihesabu rasmi 1982, na aliyepata nyingi kuliko wote ni Bruce Smith, 200 kamili. Mkimwangusha wawili kila mtu anaandikiwa nusu, ndo maana utaona mtu ana saki 14 na nusu usishangae.

Kuziba njia ndo kunawashinda wengi. Mfikirie konda wa kifodi amesimama mlangoni. Abiria anataka kushuka kulia, mwingine kushoto, konda hakimbizi mtu, anakaa palepale mkono mmoja huku mmoja kule, anayepita anamshika. Kati ya kila jitu na jitu pana uwazi, na kila mtu wa laini amepewa uwazi wake kabla mpira haujatoka, wakati mwingine anapewa mbili kama konda. Ukiacha uwazi wako ukakimbilia saki kwa sababu unataka jina, mkimbiaji anapita palepale ulipotoka, anaenda yadi 40, na kochi haangalii kwingine anakuangalia we. Wale wa katikati wanaitwa teko (andika vizuri hiyo herufi ya pili tafadhali), wa pembeni wanaitwa endi. Teko ni mzito zaidi, kilo 130 mpaka 150, endi mwepesi kidogo, 115 mpaka 130, mrefu, mikono mirefu, kasi. Aaron Donald alikua teko wa mita 1.85 tu na kilo kama 127, kila mtu akisema mdogo, akachukua tuzo ya mlinzi bora wa ligi mara tatu afu akastaafu 2024 bado wanamwogopa. Kwa iyo mfupi usinikimbie bado.

Waliotangulia ni wa kwetukwetu hawa. Ezekiel Ansah, wanamwita Ziggy, chalii wa Accra, alienda chuo cha BYU kule Utah 2008 akiwa na ndoto ya basketi, basketi wakamkataa, akakimbia riadha, 2010 ndo akaingia futiboli hajui hata pedi zinavaliwaje, na 2013 Detroit Lions wakamchagua namba tano kwenye drafti nzima, yani ule uchaguzi wa kila mwaka ambao timu zinachukua wachezaji wapya kwa zamu. Namba tano! Miaka mitatu toka avae helmeti mara ya kwanza. Kuna CJ Okoye wa Nigeria, mita 1.98 kilo 143, Agosti 2023 aliingia na Chargers kwenye mechi ya maandalizi dhidi ya Rams, ilikua mechi yake ya kwanza ya futiboli, sio ya kwanza NFL, ya kwanza maishani, na akaondoka na saki. Efe Obada alizaliwa Nigeria akakulia London kwa shida kubwa, alicheza mechi tano tu za klabu ya pale London, na Septemba 2018 akiwa na Carolina Panthers alipata saki na kudaka mpira wa kotabeki siku hiyohiyo. Jirani zetu Kenya nao wana Daniel Adongo, alitoka ragbi akaingia Indianapolis Colts 2013, sio mtu wa laini ila mlango ni uleule. Bongo bado mtu wa laini sijamuona, na hilo linaniuma kila nikipita soko la Kilombero hapa mjini, maana pale wapo kumi.

Na kwa sababu nimeitaja Kilombero ngoja nianze na miguu, kifua baadaye.

Nenda pale sokoni asubuhi wakati magunia ya viazi yanashushwa, simama pembeni usimsumbue mtu, angalia mtu mwenye mkokoteni anavyopanda kilima kidogo. Mgongo wake umenyooka umelala mbele, kichwa kimeinuka anaangalia anakoenda, hatua fupifupi, miguu imeachana upana wa mabega na haigusani hata mara moja. Akisimama wima mkokoteni unarudi nae. Akikutanisha miguu, gunia la pembeni linamyumbisha. Hakuna kochi aliyemfundisha, kilima ndo kilimfundisha. Mmoja wa machalii wangu amesukuma mkokoteni miaka miwili kabla hajaja kwangu na siku ya kwanza nilimweka mbele ya mtu aliyemzidi kilo 20, akamsukuma mita tano kwa hatua fupifupi zilezile, yule mwingine mwenye kifua cha gym amebaki anauliza imekuaje. Kwa hiyo mazoezi namba moja hayana gharama: azima mkokoteni, pakia vitu, tafuta mteremko na uupande mita 15, pumzika, mara nane. Ukiwa na gari la mtu lisilowaka nalo sawa, ila awepo mtu kwenye breki.

Afu kukaa. Wanakaa pointi tatu, yani miguu miwili na mkono mmoja chini. Panua miguu upana wa mabega, mguu wa upande wa mkono unaoshuka urudi nyuma kidogo, vidole vyake viwe usawa wa kisigino cha mwenzie. Shuka, weka vidole vya mkono chini mbele ya bega, sio katikati ya miguu kama chura. Mgongo unyooke, nikikuwekea glasi ya chai isimwagike, kalio liwe juu kidogo kuliko mabega. Sasa mtihani: mwenzako aupige teke taratibu mkono wako wa chini. Ukianguka mbele umekaa sawa, uzito uko mbele. Ukibaki umekaa vizuri kama uko kwenye stuli ya mama ntilie basi uzito wote uko nyuma, mpira ukitoka utaanza kwa kuinuka, na ukiinuka tu umeshakwisha, wa chini yako anakushika kifuani anakubeba.

Hatua ya kwanza iwe fupi, sentimita 15 tu, mbele sio juu. Kila mtu anataka kuruka hatua kubwa kama anavuka mto Themi. Hatua kubwa inakuacha na mguu mmoja hewani wakati mtu wa kilo 140 anafika.

Na usisikilize sauti! Kotabeki anapiga kelele makusudi abadilishe mlio ili uingie kabla ya mpira, ukiingia timu yako inakatwa yadi tano. Unaangalia mpira tu. Sisi tunafanya hivi, chungwa limefungwa kamba linalala chini kwenye majani, mmoja kashika ncha ya kamba yuko mbali anapiga makelele ya kila aina, anaimba, anatukana kidogo, afu bila taarifa anavuta. Chungwa likitikisika unaondoka. Ukiondoka na kelele, push up kumi. Wiki ya kwanza watu walipiga push up mpaka mikono ikagoma, wiki ya sita wakatulia kama paka anayemvizia panya.

Mikono nayo. Nilipata godoro la sponji lililochoka nikalifunga kwenye mgrevilea kwa mipira ya tyubu, mizunguko mitano, usawa wa kifua. Unatoka pointi tatu, unapiga godoro kwa viganja vyote viwili, gumba zinaangalia juu, viwiko vimebana mbavu, na viganja vifike kabla mguu wa pili haujatua. Siri yote ya kazi hii iko hapo kwenye viwiko, ukivifungua mwenzio anaingiza mikono yake ndani ya yako, anakushika pedi za kifua, na refa hatasema kitu maana kushika ndani anaruhusiwa, kushika nje ndo kosa. Sauti ya godoro inakwambia, ukipiga vizuri inatoka moja, pah, ukipiga vibaya zinatoka mbili, pa-pah, maana mkono mmoja umechelewa.

Ukishaweza hayo ndo unaongeza namna za kupita. Ya kwanza kumsukuma moja kwa moja mpaka miguuni mwa kotabeki. Ya pili unampiga kofi la begani upande mmoja afu unapitisha mkono mwingine chini ya kwapa lake kama unaopoa kitu kisimani, bega lako likifuata. Ya tatu mkono unapita juu ya bega lake kama mtu anaogelea, hii waachie warefu, mfupi akiifanya anafungua mbavu zote. Chukua moja uifanye mara elfu, mi nina chalii anazijua saba kutoka kwenye simu na hana hata moja.

Kukimbia wanapima yadi 40, mita 36 na nusu. Pima kwa futi za fundi, weka mawe, simu irekodi. Kwenye kombaini ya Indianapolis, yale majaribio ya kupima wachezaji kabla ya drafti, Donald alikimbia sekunde 4.68 na akanyanyua kilo 102 mara 35 bila kupumzika, Ansah akakimbia 4.63 na kilo 123 mwilini. Kwa saa ya simu yako ukipata 5.0 ukiwa na kilo 120 we nipigie, ukipata 5.8 rudi kwenye kilima. Kuhusu vyuma, gym za mjini zipo ila hata zile za mtaani za zege zinatosha mwanzo, kopo la rangi la lita nne likijaa zege ni kama kilo tisa na nusu, ndoo ya lita 20 inakaribia 48, fanya hesabu ujue unabeba nini uandike kwenye daftari. Faida moja tunayo bure, Arusha tuko kama mita 1,400 juu, pumzi inajijenga yenyewe, wa Moshi mko chini yetu kidogo msinune.

Kula. Hapa Wachaga mna bahati na hamjui. Mtori una kila kitu, ndizi, nyama, mafuta ya mifupa, unashuka bila kutafuna, mtu anayetafuta kilo anywe bakuli asubuhi na lingine usiku juu ya chakula cha kawaida. Makande na maziwa mgando, Waarusha na loshoro yao, mayai, dagaa, maharage. Wali mtupu na soda zitakupa tumbo, tumbo halisukumi mtu. Nyama choma ya Kwa Mrombo Jumamosi jioni sawa kabisa ila zile bia zinazoifuata ndo zinakula mazoezi ya asubuhi, nimeona na nimefanya. Ongeza kilo mbili kwa mwezi sio nane, magoti hayapokei mzigo wa ghafla, niulize mimi.

Njia ya kufika sasa. Ya kawaida ni shule. NFL haikuruhusu kwenye drafti mpaka ipite miaka mitatu toka umalize sekondari, na hiyo miaka Wamarekani wanaipitisha chuoni wanacheza kwa ufadhili. Kwa iyo vyeti vyako vya NECTA ni sehemu ya mazoezi kama godoro. Kosa ninaloliona sana Arusha ni majina, cheti cha kuzaliwa kimeandikwa hivi, cha form four vingine, pasi ya kusafiria vingine kwa sababu babu aliongezwa katikati, hiyo rekebisha leo, usisubiri upate barua ya chuo ndo uanze kukimbizana na viapo mahakamani. Kosa la pili: umemaliza form six unajiandikisha chuo hapa huku ukisubiri. NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo, saa yao inaanza kuhesabu ukishakua mwanafunzi kamili wa chuo chochote, hata cha Bongo. Ukikaa miaka mitatu hapa afu ukaenda unakuta muda wako wa kucheza umeliwa. Uamue mapema. Kama una miaka 16 mpaka 19 kuna pia akademi ya NFL yenyewe, iko Loughborough Uingereza, wanasoma na kucheza.

Njia nyingine ni ile ya watu waliokua kwenye michezo mingine, programu ya NFL ya wachezaji wa kimataifa iliyoanza 2017. Wanachukua watu wachache kila mwaka, wanawapeleka Florida wiki kadhaa, wanawafundisha mchezo toka sifuri, afu makochi wa timu wanakuja kuwaangalia. Uzuri wake ni kwamba toka 2024 kila timu kati ya 32 ina nafasi moja ya ziada kwenye kikosi cha mazoezi (wale wanaofanya mazoezi na timu ila hawamo kwenye kikosi cha mechi) kwa ajili ya mgeni wa namna hiyo, hahesabiwi kwenye wale 16 wa kawaida. Osi Umenyiora, endi wa zamani wa Giants mwenye ubingwa mara mbili, Mnigeria, ndo amekua akizunguka Afrika kutafuta watu. Walifanya kambi Accra 2022, Nairobi 2023. Nairobi jamani, basi la asubuhi kupitia Namanga jioni uko pale! Kwa iyo pasi iwe tayari kabla kambi haijatangazwa, sio baada.

Video iwe dakika mbili, tatu ni nyingi. Anza na jina, urefu, kilo, tarehe ya kuzaliwa kwenye karatasi uliyoshika. Afu mita 36 na nusu kutoka pembeni, kuruka juu ukutani na chaki, kuruka mbali, pointi tatu mara tano kutoka pembeni mguu wa kwanza uonekane. Kama unacheza ragbi weka dakika moja ya mechi. Usiweke muziki, usiweke miwani, mchukuaji asimame sehemu moja atulie.

Afu matapeli. Mpwa wangu yuko Moshi, mita 1.96, alipigiwa na mtu anayejiita skauti, kizungu kizuri, picha ya wasifu ana kofia ya timu. Akaambiwa amechaguliwa ila kuna laki nne ya kufungua faili, itume kwa simu leo maana faili linafungwa saa kumi. Dada yangu akauza mbuzi watatu. Saa kumi na moja ile namba haipatikani. Dogo hakula siku mbili na mpaka leo ukimtajia futiboli anatoka nje. Ejenti halali wa NFL anakatwa kwenye mshahara wako ukishaupata, mwisho asilimia tatu, haombi hela ya faili. Anayetaka hela kwanza ni mwizi, hata kama anaongea kama mtangazaji wa CNN.

Tuseme umefika. Maisha ya pale yana kalenda yake. Drafti Aprili, raundi saba, usipochaguliwa unaweza kusaini kama mtu huru, wengi wa laini wanaingia hivo. Mwisho wa Julai kambi, watu 90. Mwisho wa Agosti wanabaki 53. Hao 37 wanatolewaje? Asubuhi mtu wa ofisini anakugusa bega anakwambia kochi anakuita, njoo na tableti yako. Ukisikia tableti ujue umeondoka, maana ndani ndo kuna kitabu cha mipango yote ya timu na hawakuachii. Wengine wanarudishwa kesho yake kikosi cha mazoezi. Hicho kitabu kwa kizungu kingi cha kifupifupi ndo kinawatoa wageni wengi kuliko nguvu, neno moja likibadilika uwazi wako umehamia kushoto na una sekunde nne. Kwa hiyo Kiingereza cha darasani usikidharau, mimi Jumamosi naita mipango yote kwa kizungu na anayecheka anazunguka uwanja.

Hela haraka. Kikosi cha mazoezi 2025 ilikua dola 13,000 kwa wiki, msimu una wiki 18, ukikatwa wiki ya tano umelipwa wiki tano. Mikataba mingi haina uhakika mpaka mwisho. Kodi ya serikali kuu inaweza kufika asilimia 37 ya sehemu ya juu, majimbo mengi yana yake, Texas na Florida hayana, na ukienda kucheza jimbo jingine nalo linakata la mechi ile. Ukimaliza misimu mitatu inayohesabika unapata haki ya pensheni, na kwa wastani watu hawakai zaidi ya hapo sana. Kwa iyo usijenge ghorofa Njiro na mshahara wa kwanza. Na ndugu watapiga simu, wote, hata wa ukoo ambao mlikua hamsalimiani. Weka kiasi cha mwezi cha nyumbani, kimoja, kipitie kwa mtu mmoja mwenye roho ngumu. Kwetu mtu huyo angekua mama mkubwa, hapitishi hata mia bila maelezo.

Mwili unaumia. Vidole vinapinda, mabega, magoti, mgongo. Kikubwa ni kichwa. Mtu wa laini anagongana karibu kila mpira unapotoka, mara nyingi kidogokidogo, na hizo za kidogokidogo zinajumlishana. Kuna ugonjwa wa ubongo unaitwa CTE, umekutwa kwa wachezaji wengi waliofariki ambao ubongo wao ulichunguzwa, na mpaka sasa hauthibitishwi mtu akiwa hai. Ligi imeweka daktari wa mishipa ya fahamu asiye wa timu, ukigongwa vibaya hurudi uwanjani bila yeye kukubali, na zamani walikua wanaruhusu hata kumpiga mtu kofi la kichwani, wakalizuia 1977. Imepungua, haijaisha. Kwa hiyo mazoezini kwangu hakuna kugongana vichwa, tunagonga godoro, na mkokoteni, na viganja. Ukistaafu nako unatakiwa ushushe zile kilo 30 haraka kabla moyo haujalalamika, wenzetu wanashusha kwa kuogelea na kupunguza kula.

Yule chalii wangu wa mkokoteni, mzuri kuliko wote sita, mama yake anatoka Kibosho. Nilienda kumuona na simu nikamwonyesha yote, za hela na za kichwa, nikaona ni haki yake. Akaangalia kimya, akaniwekea chai, akasema, "Mwalimu, hela nimeziona. Ila kichwa cha mwanangu sio mkokoteni." Sikubisha. Tumekubaliana mazungumzo tutayamaliza Desemba, ukoo wote ukipanda nyumbani kwa Krismasi na wajomba wakiwepo, na mpaka hapo dogo anaruhusiwa godoro na chungwa, mtu hagusi. Jumamosi iliyopita alipiga godoro mpaka tyubu moja ikakatika, imebidi nitafute nyingine kwa fundi wa baiskeli.